Fundi Aliyeifungia Baridi Nje

Siku ile mjinga alikuwa yeye. Tuliseme mapema lisije likatusumbua mbele ya safari, maana mtu akisimuliwa kisa cha mwanamume aliyesimama mvuani, amemshika bibi wa watu mkono na kupiga kelele, "Nimekunasa! Leo nimekunasa!", anaweza kudhani kwamba mhalifu alikuwapo kweli na kwamba amenaswa. Mhalifu alikuwapo, hilo halina ubishi. Ila aliyenaswa hakuwa yeye.

Watu walimwita Fundi Barafu. Huko alikotoka, nchi ya joto ambako jua likishazama kuta huendelea kukukaanga mpaka alfajiri, yeye ndiye aliyekuwa akigawa baridi kama mfalme agawavyo vyeo. Friji ikigoma, huitwa yeye. Akipita mtaani na sanduku lake la vifaa, wenye maduka ya soda humwamkia kabla ya kuwaamkia wazee. Aliijua baridi ndani nje: inazaliwa wapi, inapita bomba lipi, inavujia wapi. Kwa hiyo alipopata kazi ya kutunza vyumba vya baridi katika kiwanda cha maziwa, kwenye mji ulioko juu kabisa milimani, hakuwasikiliza ndugu zake waliomsihi anunue koti.

"Mimi na baridi?" aliwacheka. "Baridi ndiyo inayoniogopa. Ujana wangu wote nimeifungia kwenye masanduku."

Baridi ilikuwa ikimsubiri stendi.

Alishuka kwenye basi alfajiri na shati lake la mikono mifupi, mkewe nyuma yake amembeba binti yao mchanga, ambaye kwa uzuri wake walimwita Kidosho. Hakupiga hatua nyingi akaona moshi ukimtoka kinywani. Akaziba kinywa. Ukatokea puani.

"Mama Kidosho," alimwambia mkewe kwa sauti ya mtu anayeaga dunia, "naungua ndani."

"Hata mimi naungua," mkewe akajibu huku meno yakigongana. "Na yule mzee pale anaungua. Na punda wake pia. Twende, mume wangu, mtoto anapigwa na baridi."

Huo ulikuwa mwanzo tu. Maji ya kunawa yalimuuma kama yenye meno. Nguo alizofua zilikaa kambani hata akasahau rangi zake zikiwa kavu. Alivaa soksi miguuni, akavaa nyingine mikononi, na usiku akatamani angepata ya tatu ya kuvalisha pua. Kiwandani wenzake walimkuta akila chakula chake cha mchana ndani ya chumba cha kuhifadhia maziwa, amejibanza kati ya makopo. Aliapa kwamba humo mlikuwa na joto kuliko uani, nao walipopima wakamwona ana haki.

Kilichomkera zaidi ni kwamba hii haikuwa baridi aliyoizoea. Baridi ya friji ina adabu: hukaa mahali pake, na ukisukuma mlango imekwisha. Hii ya mlimani haikuwa na mlango, haikuwa na swichi, wala haikuwa na mtu wa kumlaumu. Na mwanadamu akiteseka bila kuijua sababu, hatulii mpaka ampate mwenye sababu. Fundi Barafu alimpata karibu sana, barazani pa nyumba aliyopanga.

Mwenye nyumba alikuwa mjane mwenye maneno machache na vidole vyepesi. Kutwa alikaa barazani akifuma masweta ya kuuza, sindano zake mbili ndefu zikigongana ti-ti-ti kama kuku wanaodonoa bati. Wapangaji walimwita Bi Sweta. Siku ya kwanza alimwonyesha Fundi chumba: kuta za mawe, kitanda kipana, dirisha moja la vioo, na juu ya dirisha mstari wa matundu yaliyotobolewa ukutani, kila moja ukubwa wa yai.

"Mwanangu, sina masharti mengi," alisema. "Jiko la makaa liwakie uani. Lisiingie ndani, hata likiwa limebaki na kaa moja. Na matundu yale hayazibwi."

"Kwa nini, mama? Si ndiyo yanayoingiza baridi?"

"Nyumba yangu naijua," alijibu Bi Sweta, akageuka akaenda zake.

Fundi Barafu alibaki akiyatazama matundu yale, nayo yakimtazama. Nani hujenga ukuta kisha akautoboa makusudi? Huko kwao nyumba ziliachwa wazi ili upepo upite, lakini huko upepo ulikuwa rafiki. Huku upepo ni adui, na mwenye nyumba amemfungulia njia! Aliwaza, akawazua, na usiku wa kwanza akiwa anatetemeka kama kifaranga aliyenyeshewa, jibu likamjia.

"Mama Kidosho, umelala?"

"Nani atalala?"

"Anauza masweta."

"Nani?"

"Mwenye nyumba. Kazi yake masweta. Sasa mpangaji akilala kwenye joto, atanunua sweta la nini? Yale matundu ni duka, mke wangu. Tumepangishwa dukani!"

Mkewe alicheka chini ya blanketi, na Fundi akakichukulia kicheko kile kuwa ni kukubali.

Kesho yake alirudi kutoka kazini na kile kitu kinachoziba mlango wa friji ukabana: ule mpira laini unaouzunguka pembeni. Kiwandani kulikuwa na milango mibovu iliyotupwa, na hakuna aliyemuuliza. Akaupaka gundi, akauzungusha dirishani, akauzungusha mlangoni juu hadi chini, kisha akakata vipande akavisokomeza kwenye matundu, kimoja baada ya kingine. Halafu akaipima kazi yake kifundi. Alibana kipande cha gazeti mlangoni akakivuta. Kikakatika kabla ya kutoka. Akawasha kiberiti mbele ya tundu. Mwali ukasimama wima kama askari wa gwaride. Hapakuwa na pumzi ya upepo iliyopenya. Tusimnyime haki yake: kazi ile ilikuwa safi, na kama chumba kile kingekuwa friji, maziwa yangekaa mwezi mzima bila kuchacha.

Likabaki jiko. Hilo aliliwasha uani nyuma ya nyumba, akalipepea mpaka moshi wote ukaisha na makaa yakawa mekundu kama macho ya mlevi. Kisha akaliingiza ndani ya ndoo ya bati, akaifunika kwa kanga ya mkewe mithili ya mtu aliyebeba nguo za kufua, akapita barazani akimwamkia Bi Sweta kwa heshima zote.

"Baba Kidosho, mama wa watu alitukataza," mkewe alisema.

"Anaogopa dari yake isiingie masizi. Wewe unaona moshi hapa? Makaa yakishaiva hayana neno. Sogea uote."

Akasogea. Lo! Joto lile lilikuwa kama barua kutoka nyumbani. Kidosho alitoa miguu nje ya blanketi kwa mara ya kwanza tangu wafike, akaichezesha. Mama yake alivua kitambaa kichwani. Fundi Barafu alijilaza chali, mikono kisogoni, akamhurumia kila mtu mjini asiyekuwa yeye.

Asubuhi waliamka na vichwa vinavyogonga kama vinu.

Siku ya kwanza walisema ni uchovu. Ya pili wakasema ni mlima. Baada ya hapo Fundi hakutaka tena kusikia habari za mlima. Miguu ilikuwa mizito, tumbo linachafuka, mkewe alitapika bila kuwa na mimba, na Kidosho, ambaye zamani akilia majirani hufunga madirisha, sasa alikuwa akilala tu, akiamshwa kunyonya anasinzia na ziwa mdomoni. Hilo ndilo lililomkata Fundi maini. Ugonjwa wake mwenyewe angeuvumilia. Ule ukimya wa mtoto ulimtisha.

Nani anatulisha nini? Hapo akakumbuka kwamba kila jioni Bi Sweta huwapelekea birika la chai. Bure. Tangu lini mwenye nyumba akampa mpangaji kitu bure?

Alimweleza dereva wa lori la maziwa, mtu asiyeweza kuuona moto bila kuumwagia mafuta.

"Kwa Bi Sweta?" Dereva alipiga mluzi. "Kumbe unakaa kule! Haya, ndugu yangu. Mimi sisemi kitu."

"Sema."

"Sisemi. Ila nilipokuwa kijana, kuna mtu alitolewa kwenye chumba kile kile asubuhi. Amebebwa. Hakuwa na jeraha, hakuwa na homa. Jana yake alikuwa anacheka. Mimi sisemi kitu."

Kwa mtu asiyesema kitu, alikuwa amesema vya kutosha. Jioni hiyo Fundi alipokea birika kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia ndani akaimwaga chai yote ndooni. Asubuhi kichwa kikagonga vile vile. Basi si chai, ni maji! Akaacha kuteka kwenye tangi la nyumba, akawa anabeba maji kutoka kiwandani. Kichwa kikagonga. Mkewe alimtazama akihangaika, mwishowe akamwambia:

"Mume wangu, mimi nikishinda barazani kwa Bi Sweta kichwa hupoa. Hunipa chai ile ile, maji yale yale. Nikirudi chumbani jioni kinaanza. Hilo unalionaje?"

"Naliona sana! Ndiyo ujanja wenyewe. Mchana anakulegezea ili umwamini, usiku anakaza."

Mkewe alifumba macho, na safari hii hakucheka.

Halafu likaja la sindano. Bi Sweta alikuwa amemuuliza, "Fundi, mbona matundu yangu naona kama yamezibika?" Naye, kwa haraka ya mwongo, akajibu, "Labda ndege wamejenga, mama." Jibu likapita, akalisahau. Siku chache baadaye alirudi kutoka kazini akakuta sindano ndefu ya kufumia imepenya tundu moja kutoka nje, ncha yake imejitokeza ndani ya chumba, sawasawa na pale wanapolaza vichwa. Kipande cha mpira kilikuwa kimedondoka juu ya mto wa Kidosho.

Chuma, ukutani, juu ya kichwa cha mtoto! Aliing'oa kwa kitambaa asije akaigusa, akamwonyesha Dereva, naye Dereva akarudi hatua mbili nyuma akasema, "Makubwa haya. Mimi sisemi kitu."

Hakumwambia Bi Sweta neno. Aliazimia kumnasa akiwa kazini.

Jumapili ikaja na mvua ya manyunyu, ile nyembamba inayoingia hadi kwenye mifupa. Fundi hakwenda kazini. Alirudisha mipira yote ukutani, akaongeza mmoja chini ya mlango, akaziba hata tundu la ufunguo kwa kipande cha sabuni. Akaleta jiko, safari hii limejaa hadi pomoni, kwa kuwa baridi ya siku ile haikuwa ya mchezo.

"Jifungieni kwa komeo," alimwagiza mkewe. "Usimfungulie mtu, hata akikuita kwa jina la mama yako. Mimi nitakuwa nje nikimvizia."

"Nina usingizi," mkewe alisema. "Sijui kwa nini nina usingizi hivi."

"Lala. Leo tunaumaliza."

Akatoka, akasikia komeo likilia nyuma yake, akajificha nyuma ya tangi la maji. Mvua ilimtiririka shingoni ikashuka mgongoni, naye akatulia kama paka mlangoni kwa panya. Jambo moja lilimshangaza: kadiri alivyokaa pale akiganda, ndivyo kichwa kilivyozidi kuwa chepesi, na mawazo yakamjia safi kama maji ya chemchemi. Akajisemea, "Bila shaka dawa yake haifiki huku."

Mchana ukasogea. Bi Sweta alitoka barazani, akasimama, akatega sikio. Fundi akabana pumzi. Bibi akakiendea chumba cha Fundi polepole, akagonga mlango.

"Mama Kidosho! Mwanangu!"

Kimya.

"Mama Kidosho, mbona mtoto simsikii tangu adhuhuri?"

Akausukuma mlango, haukusogea. Akazunguka dirishani, akaweka viganja kiooni achungulie, akapangusa, akachungulia tena. Kisha yule bibi akafanya jambo ambalo Fundi hakulitegemea hata kidogo: aliinama, akaokota jiwe la kusugulia miguu, akaliinua juu.

Fundi aliruka kutoka nyuma ya tangi. Jiwe halijatua amekwisha mdaka mkono.

"Nimekunasa! Leo nimekunasa! Chai yako niliimwaga, sindano yako ninayo, sasa umekuja na jiwe!"

"Niachie, mwanangu."

"Sikuachii! Majirani! Tokeni mje mwone!"

"Niachie! Umewasha jiko humo ndani?"

Swali lile lilimpiga ubavuni, lakini mtu aliyekwisha panda juu ya shutuma hashuki kwa urahisi. "Usinigeuzie maneno! Mke na mtoto wangu wanakufa ukiona! Mama Kidosho, amka uje ushuhudie! Mama Kidosho!"

Mvua tu ndiyo iliyoitika.

"Mama Kidosho!"

Alijisikia anaita kama mtu anayeita ndani ya kisima. Hata kilio cha mtoto aliyeshtuka hakikutoka, na kelele alizopiga zingeliamsha jiwe. Vidole vyake vikalegea. Bi Sweta hakungoja aombwe radhi: alipokonya mkono wake, akalipiga jiwe kiooni, kioo kikamwagika ndani. Kutoka chumbani lilitoka vukuto la joto, lisilo na moshi, lisilo na harufu, zito kama pumzi ya mnyama.

"Ruka!" bibi alifoka. "Usisimame kama mlingoti! Fungua mlango, mtoe mtoto kwanza!"

Aliruka. Vioo vilimchana magoti hata asijue. Mkewe alikuwa amelala ubavu, uso mwekundu kama wa mtu aliyetoka kucheza ngoma harusini, mkono wake juu ya mtoto, na wote wawili hawakugeuka. Alivuta komeo, mpira aliouweka mwenyewe ukaung'ang'ania mlango. Akavuta kwa nguvu zake zote, ukakatalia, kwa maana ulikuwa umewekwa na fundi. Akaweka mguu ukutani, akavuta kama anayeng'oa mti, mpira ukalia ukachanika, na ile baridi aliyokuwa akiikimbia ikaingia ndani kwa kishindo. Hakuwahi kukipenda kitu namna ile.

Bi Sweta alimpokea Kidosho, akamweka mvuani kichwa wazi, akampuliza usoni, akamsugua mgongo. Fundi alimburura mkewe mpaka uani, akamlaza, akamwita majina yote aliyowahi kumwita tangu uchumba. Mkewe akakohoa. Akatapika. Akafumbua macho akauliza, "Mtoto?"

Bibi alizidi kusugua na kupuliza, mvua ikimtiririka usoni, midomo ikinong'ona maneno asiyoyasikia mtu. Fundi alipiga magoti kwenye tope. Kisha Kidosho akavuta pumzi moja ya kukwama, akakunja uso, akatoa yowe lililowafanya majirani wa ng'ambo ya barabara wafunge madirisha.

Waliwakimbiza zahanati kwa lori la maziwa, Dereva akiendesha na kwa mara ya kwanza kweli hasemi kitu. Tabibu aliwaweka wote wawili kwenye hewa ya mtungi, na alipoelezwa habari za jiko na mipira alimgeukia Fundi. Akamweleza kwamba makaa yakifungiwa chumbani hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka, na kwamba yale mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua watu wakiwa usingizini. "Wangechelewa kutolewa kidogo tu," alisema, "wasingeamka."

Waliporuhusiwa, Bi Sweta aliwapokea barazani na birika la chai. Fundi Barafu aliinywa yote, kikombe baada ya kikombe, macho chini. Lakini mwanamume aliyekosea mbele ya watu ni kama jogoo aliyenyonyolewa. Bado atajaribu kuwika.

"Mama, nisamehe," alisema. "Ila nawe ungenieleza. Uliniambia tu usizibe, usizibe. Ile sindano je?"

"Si wewe uliyeniambia ndege wamejenga? Nilikuwa nazibua kiota."

Dereva aligeuka pembeni, mabega yakimcheza.

"Na yule mpangaji aliyetolewa amebebwa?"

Sindano za Bi Sweta zilisimama. "Hakuwa mpangaji," alisema. "Alikuwa mume wangu. Mimi nilikuwa nimelala kwa dada yangu mwenye uzazi, naye akajiwashia jiko apate joto. Tulipotoka kumzika, nilichukua nyundo na tindo nikayatoboa yale matundu kwa mikono yangu. Kila mpangaji akija nataka kumweleza, na kila mara najikuta nimegeuka nikaenda zangu. Kwa hilo, mwanangu, kosa ni langu."

Mtu mwenye busara angeyaachia maneno yale yafanye kazi yake. Fundi Barafu alikohoa.

"Lakini semeni haki," akasema akimtazama mmoja mmoja. "Mtu akiugua ugenini, kwenye nyumba ya watu, asijue anaumwa nini, atamshuku nani? Nani hapa asingemshuku mwenye nyumba?"

Dereva alianza kutikisa kichwa kumkubalia. Bi Sweta alifungua mdomo ajibu, lakini Mama Kidosho alimtangulia, mtoto akinyonya kwa pupa kifuani pake.

"Baba Kidosho, uliishuku chai, ukalishuku tangi, ukamshuku mama huyu mpaka ukamvizia mvuani kama mwizi wa kuku. Kitu kimoja tu hukukishuku: kile ulichokiwasha mwenyewe, ukakifunika kwa kanga yangu, ukakileta hadi kitandani petu na kutufungia nacho. Usiulize tena nani wa kumshuku. Kikulacho ki nguoni mwako."